Nilikuta altare imevuliwa nguo

Kwa miaka kumi na moja Pasaka kwangu ilikuwa msimu. Nauza nguo za watoto Kariakoo, na muuza nguo za watoto yeyote atakwambia mwaka una siku tatu tu za maana: Idd, Pasaka na Krismasi. Kwa hiyo Juma Kuu, wiki ya kuelekea Pasaka, nilikuwa nalijua vizuri, ila kwa upande wa pili wa meza. Nilijua magauni meupe yanaanza kuulizwa lini, na kwamba Alhamisi jioni usifunge mapema, maana kina mama wanapita wakitoka kazini. Kanisani jioni hiyohiyo kunafanyika nini, sikuwa na habari.

Nilibatizwa usiku wa Jumamosi, tarehe 19 Aprili 2025, nikiwa na miaka thelathini na sita. Tangu hapo watu wazima wanaoanza mafundisho mtaani kwetu wananiuliza maswali yaleyale ambayo mimi niliona aibu kuyauliza, na mengi yaliniumiza kwa sababu sikuyauliza. Basi nayaandika.

Baba yangu ni Mwislamu wa Rufiji, anaishi Mbagala. Mke wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Hakuna aliyenilazimisha kuhama. Binti yetu alilazwa wiki tatu, na jumuiya ya mke wangu, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, wakapokezana kuja wodini, wengine siwajui hata kwa sura, wameshika chupa za uji. Nikaanza kwenda nao kwenye jumuiya Jumamosi alfajiri, kwanza kwa kuona haya tu, halafu kwa hiari. Mwaka 2023 nikajiandikisha mafundisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ya kwanza kabisa. Katekista aliniuliza, "Una ndoa?" Nikajibu ndiyo. Na kweli ninayo, tulifunga bomani mwaka 2015, cheti kipo kabatini. Sikujua kwamba mke wangu, kwa kuwa ni Mkatoliki, alitakiwa kufunga kanisani, na kwamba mtu habatizwi huku jambo la ndoa yake likiwa linaning'inia. Au tuseme nilishuku kidogo, nikanyamaza nikitumaini halitaulizwa tena. Liliulizwa Februari 2024, majina ya watakaobatizwa yalipokuwa yanapitiwa kabla ya Kwaresima. Jina langu likatolewa.

Nilikasirika. Wiki mbili sikwenda. Kilichonirudisha si mahubiri, ni mke wangu. Nilikuwa nikimwona miaka yote, watu wanapokwenda kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, yeye anabaki kwenye benchi amemshika mtoto. Nilidhani ni kwa sababu ya mtoto. Usiku mmoja wa wiki hizo mbili ndipo aliponiambia kwamba kwa miaka tisa hakuwa amepokea Ekaristi kwa sababu ya ndoa yetu, na hakutaka kuniambia nisije nikajiona nimesukumwa. Miaka tisa, na mimi nalalamika kuchelewa mwaka mmoja!

Kwa hiyo wewe unayeanza: mambo ya ndoa yaseme siku ya kwanza, yote, hata yale unayodhani hayamhusu padre. Ndoa ya zamani, mzazi mwenzako, mahari isiyokwisha, kila kitu. Yetu ilichukua miezi, kwa kuwa nilikuwa sijabatizwa na ilibidi iombwe ruhusa ya askofu. Tulifunga Novemba 2024, asubuhi, watu kumi na wawili, soda na maandazi. Siku hiyo mke wangu alikomunika. Mimi nilibaki kwenye benchi nimemshika mtoto.

Kwaresima ya 2025 ilianza tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla. Dar ilifunga karibu yote kwa pamoja. Pale dukani jirani yangu anasubiri adhana, mimi nasubiri jioni, na muuza juisi anatulaani sote wawili. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano tuliitwa mbele, tukapiga magoti na kuombewa, na Injili zilizosomwa ni zile za mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Kiu, giza, kaburi. Katekista alituambia tuzishike hizo tatu, tutazikuta tena.

Tulikuwa watu wazima ishirini na watatu, na hatukuwa sawa wote. Dada mmoja alikuwa Mlutheri aliyebatizwa mtoto huko kwao. Huyo habatizwi tena, ubatizo ni mmoja. Anapokelewa, anapata kipaimara na Ekaristi. Lakini anatakiwa alete cheti, na cheti chake kilikuwa usharikani kwao mkoani, kwenye daftari ambalo hakuna aliyekuwa na haraka ya kulifungua. Alikipata Jumatano ya Juma Kuu, kwa basi, ndani ya bahasha iliyolowa. Kama ulibatizwa popote, anza kukitafuta cheti leo. Na majina unayoandikisha yafanane na ya kitambulisho cha NIDA. Jina la mtakatifu liongeze, usilifanye libadilishe mengine. Mwenzetu mmoja alijiandikisha kwa jina la mtaani na hadi leo anahangaika.

Siku ya kitubio cha parokia nikapanga foleni kama wengine. Nimejiandaa, nimeandika dhambi kwenye karatasi, pande mbili. Nikapiga magoti. Padre akauliza, "Umebatizwa lini, mwanangu?" Nikamwambia, "Jumamosi ijayo, Baba." Kimya. Kisha nikasikia anajizuia kucheka. Akaniambia nirudi na karatasi yangu, kwamba ambaye hajabatizwa haungami, ubatizo wenyewe unafuta zote. Yule dada Mlutheri ndiye aliyetakiwa kuwa pale, na yeye alikuwa nje ananisubiri! Karatasi ile niliichana nikaitia mtaroni.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa.

Katekista alirudia kwa wiki nzima kuhusu ibada za Alhamisi, Ijumaa na usiku wa Jumamosi: "Siku Tatu Kuu ni sala moja. Mje zote." Nilimsikia kama unavyomsikia kondakta akisema gari halijajaa. Kichwani mwangu siku yangu ilikuwa Jumamosi. Ndiyo nitakayobatizwa, ndiyo niliyoishonea shati, ndiyo ya turubai na viti. Alhamisi ilikuwa siku ya kuuza. Nikapiga hesabu kwamba nikifunga duka saa 12 nitaiwahi Misa ya saa 1.

Saa 12 dukani kulikuwa na wateja sita. Nilifunga saa 1 kasoro. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha mchana, na foleni ya Buguruni mkazi wa Tabata yeyote anaijua. Nilifika kanisani saa 3 na dakika kumi.

Niliyoyakuta ndiyo niliyoyabeba mpaka leo. Taa nyingi zimezimwa. Altare, meza ya Misa, imevuliwa kila kitu: hakuna kitambaa, hakuna mishumaa, hakuna maua, ni jiwe tupu. Mlango wa tabernakulo, kisanduku inamohifadhiwa Ekaristi, uko wazi na ndani hamna kitu. Kwa sekunde kadhaa nilifikiri kanisa limeibiwa. Nawaambia kweli, moyo ulinipasuka, nikageuka kutafuta mlinzi.

Pembeni, kwenye kikanisa kidogo, ndiko watu walikokuwa. Wamepiga magoti, hakuna anayeimba. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikamnong'oneza, "Shikamoo. Misa imeisha?"

"Marahaba. Haijaisha."

"Mbona padre hayupo?"

"Haijaisha, mwanangu. Alhamisi hakuna baraka ya mwisho. Hatujaambiwa tuondoke."

Akanieleza polepole, akiacha nafasi katikati ya maneno kwa heshima ya mahali. Kwamba Misa hiyo ya jioni ni ya Karamu ya Bwana, usiku Yesu aliowapa mitume mwili na damu yake. Kengele hupigwa kwenye wimbo wa Utukufu, halafu zinanyamaza mpaka usiku wa Jumamosi. Padre alikuwa amewaosha watu kumi na wawili miguu, wanaume kwa wanawake. Tangu 2016 Papa Fransisko aliruhusu rasmi na wanawake wawemo. Kisha Ekaristi ikahamishwa hapa kwa maandamano na altare ikavuliwa, kama Yeye alivyovuliwa. Sasa tupo bustanini Gethsemane. Jumuiya zimegawana saa, zamu yetu ni hadi saa 4. "Si aliwauliza, hamkuweza kukesha nami saa moja?"

Mimi nilikuwa nimekesha dakika hamsini, na nilikuwa nimeuza magauni manne ya ziada. Faida yake kama elfu ishirini na nne. Sitasahau hesabu hiyo.

Ijumaa sikufungua duka. Asubuhi tulifanya Njia ya Msalaba mitaani, vituo kumi na vinne, matope hadi kwenye vifundo. Bodaboda walizima injini tulipopita, na nje ya duka la dawa muuzaji mwenye hijabu alisimama mpaka tukaisha. Saa 9 alasiri ibada ilianza, na nikauona mwanzo ambao usingenishtua kama ningekuwepo Alhamisi. Padre aliingia na mavazi mekundu, hakuna wimbo, hakuna ishara ya msalaba, hakuna salamu. Akalala kifudifudi mbele ya ile altare tupu. Kanisa zima magoti chini, unasikia feni tu. Hakutusalimu kwa sababu hatukuwa tumeagana. Hapo ndipo sala moja ilipoacha kuwa maneno ya katekista.

Ijumaa Kuu haina Misa, siku hiyo Kanisa haliadhimishi Misa mahali popote. Husomwa mateso kadiri ya Yohane, halafu yanakuja maombi kumi ya dunia nzima, kila moja na kimya chake. Mwenzangu aliniambia hayo ni marefu, nitumie nafasi hiyo kwenda kunywa maji. Usimsikilize mtu wa namna hiyo. Ombi la nne ni la wakatekumeni. Kanisa lote, watu elfu na zaidi waliojaa mpaka nje, walikuwa wananiombea mimi na wakatekumeni wenzangu, na padre alitaja mlango wa huruma na maji ya ubatizo. Nililia kidogo, nikajifuta kwa mkono wa shati.

Ombi la saba sikulitegemea. Ni la wasiomwamini Kristo, waenende mbele za Mungu kwa moyo mnyofu wapate kuuona ukweli. Nikamwona baba yangu, anaamka saa 10 usiku tangu nimfahamu, hajawahi kupunja mtu kipimo cha mchele. Moyo mnyofu upo. Nilipiga magoti kwa ajili ya ombi lile kwa nguvu kuliko nilivyopiga kwa ajili yangu. Katikati ya la nne na la saba pana maombi mawili tu, na nimekuwa nikiishi hapo katikati tangu nizaliwe.

Halafu foleni ya kuuabudu msalaba. Wengine wanabusu, wengine wanagusa kwa paji la uso. Mama mmoja mzee alivua kandambili zake mbali kabisa na kwenda pekupeku. Tukakomunikishwa, yaani wao, kwa hostia za Alhamisi. Tukatoka kimya. Tena, hakuna baraka ile ya kila siku.

Jumamosi asubuhi tuliitwa kukariri Nasadiki, sala ya kukiri imani, bila karatasi. Mimi nilikwama kwa Ponsyo Pilato, nikasaidiwa, nikaendelea: akasulibiwa, akafa, akazikwa, akashukia kuzimu. Katekista alinisimamisha hapo. "Leo ndiyo siku hiyo," akasema. "Akashukia kuzimu. Siku nzima hakuna Misa. Nendeni nyumbani mkae kimya."

Nani alikaa kimya? Nyumbani kwangu kulikuwa na turubai linafungwa, sufuria tatu za pilau na kijana wa muziki anapima spika. Niseme hesabu yote: turubai na viti 120,000, chakula 450,000, picha na video 150,000, nguo zangu 70,000. Laki saba na tisini elfu, na laki tano kati ya hizo nilikopa kwenye kikoba, nikazilipa hadi Agosti. Mshumaa ambao ulikuwa wa lazima ulikuwa shilingi 2,000. Hakuna aliyeniambia nifanye sherehe. Niliogopa watu waseme mbona kimya. Na gharama yenyewe hasa haikuwa fedha. Mke wangu, aliyesubiri miaka tisa, alibaki nyuma akipakua chakula na kufika kanisani kwenye somo la nne. Moto hakuuona.

Moto huo uliwashwa nje, saa 2 usiku, taa za kanisa zote zimezimwa. Mvua ilikuwa inatishia, vijana wakashika mwavuli juu ya kuni. Padre alichora kwenye Mshumaa wa Pasaka msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka, 2, 0, 2, 5, akachomeka punje tano za ubani kwa ajili ya madonda matano. Mshumaa ukaingia gizani, ukasimamishwa mara tatu: "Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Mwali mmoja ukawa kumi, ukawa mia. Ushauri wa kawaida kabisa: vika mshumaa wako karatasi ngumu chini, nta itakuunguza vidole. Na kula kitu saa 11 jioni. Ibada yetu iliisha saa 6 kasoro, na mwenzetu mmoja aliyeamua kufunga kuanzia alfajiri alizimia wakati wa Litania.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Parokia inaweza kupunguza, ila lile la Kutoka, Waisraeli wakivuka bahari, halirukwi kamwe. Nilipolisikia nikaelewa kwa nini Kanisa la kale lilibatiza usiku huu. Augustino mwenyewe alibatizwa na Ambrosi katika mkesha wa Pasaka huko Milano, mwaka 387. Kisha Utukufu. Kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi zikalia zote kwa mpigo, taa zikawaka, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikajua kabisa kuna kitu kinanipita. Wenzangu waliosikia kengele zikinyamazishwa walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nafurahi tu. Furaha yangu ilikuwa ya kweli, lakini mimi sikuwa nimezisikia zikinyamaza.

Kuhusu maji yenyewe nina maneno machache. Baridi, mara tatu, yakaingia sikioni. Msimamizi wangu mkono begani. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi jambo kubwa, na nilichohisi ni wepesi, kama unapotua mzigo wa robota na mabega hayajui yafanye nini. Hapohapo tulipakwa Krisma, padre akitupa kipaimara usiku uleule, na harufu ya mafuta yale ilikaa kwenye paji la uso hadi kesho yake. Kisha nikakomunika, mke wangu mbele yangu kwenye foleni.

Baada ya hapo ndipo padre alipotoa baraka ya mwisho, ile niliyoisubiri tangu Alhamisi. Watu wakaambiwa waende na amani, na Aleluya mbili.

Kabla ya haya yote, Idd ilipofika mwisho wa Machi, nilikwenda Mbagala kula kwa baba. Nilimwambia tarehe. Aliuliza, "Ngapi umesema?" Nikarudia. Akaniongezea pilau kwenye sahani, akauliza habari za biashara. Usiku wa tarehe 19 hakuja, na sikumtegemea.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa nakunja turubai la watu, karibu saa 5 asubuhi, habari zikaenea kwamba Papa Fransisko amefariki. Nilikuwa Mkatoliki wa siku moja na nusu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kimoja kilichobaki, sijui hata mtu anatakiwa afanye nini. Simu ikaita, ni baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia redioni. Mmefiwa na mkubwa wenu." Akanyamaza kidogo. "Poleni sana."

Poleni, alisema, siyo pole.

"Tumeshapoa, baba," nikamjibu.